Nyuki wa Mbali, Kuku wa Karibu

Babu yangu mzaa baba hakuwahi kuniona. Nilipozaliwa alikuwa ameshapofuka, na kila nilipopelekwa kwake alinyoosha mkono, akanishika kichwa, akapimapima, kisha akasema, "Umerefuka." Alisema hivyo hata pale ambapo sikuwa nimerefuka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu tangu utotoni, na siku moja nilimjibu, "Babu, jana tu nilikuwa hapa, nimerefuka saa ngapi?" Mama akanifinya. Babu akacheka sana, mkono wake bado uko juu ya kichwa changu, mzito, unanukia nta ingawa alikuwa ameacha kurina asali zamani.

Kwetu hakuna aliyeuita upofu ule ugonjwa. Sisi ni Wakonongo, watu wa asali, na wakubwa walisema nyuki ndio waliomla macho. Moshi wa miaka yote, miiba ya miaka yote, mwisho macho yanachoka. Walilisema jambo hilo kwa fahari. Babu alikuwa ametundika mizinga yake msitu mzima wa upande wa Inyonga, basi nyuki nao wamechukua chao. Nilikua nikiamini kwamba kila mrina asali hodari humaliza maisha yake akishika watoto vichwa.

Baba alirithi mizinga ile, na pamoja na mizinga alirithi mti wa kupimia.

Nje ya mji palikuwa na mti mkubwa wa mtundu, na juu yake kabisa babu alikuwa ametundika mzinga mmoja wa magome. Mzinga huo haukurinwa. Kazi yake ilikuwa moja. Kila msimu ulipokaribia, kabla wanaume wa ukoo hawajafunga mizigo kwenye baiskeli kwenda kambini msituni, walikusanyika chini ya mti huo. Mmoja mmoja alisimama pale pale alipokuwa akisimama babu, akainua uso, akaeleza anachokiona kwenye mdomo wa mzinga. Aliyewaona nyuki wakiingia na kutoka alipewa kamba ya kupandia miti mwaka huo. Asiyewaona alibaki chini, awashe moshi na kukamua masega. Kelele zilikuwepo, kwa sababu wanaume wetu hawawezi kusimama pamoja bila kelele, lakini hakuna aliyebishana na mti.

Baba hakuwahi kushindwa. Wenzake walikunja nyuso na kukinga mikono juu ya macho, yeye alitazama mara moja tu kisha akaanza kusimulia. "Watatu wanaingia. Mmoja anatoka, mzembe huyo, anarudi tena ndani." Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa najivunia macho ya baba kama watoto wengine walivyojivunia baba zao wenye redio.

Tulikaa Makanyagio. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mbali ya mkoa wa Rukwa, na ukitaja Katavi watu walifikiria viboko na tembo wa hifadhini. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, nauza asali ya baba sokoni Majengo, naipima kwa chupa, nagombana na wanaosema nimetia maji. Nilikuwa nagombana vizuri sana. Wateja wengine nadhani walikuja kwa ajili ya ugomvi tu, asali wakaichukua kama nyongeza.

Sijui kwa hakika ni lini mambo yalianza. Ninachokumbuka ni vifaranga. Baba alianza kukanyaga vifaranga. Anatoka mlangoni, kichwa juu, anatazama mawingu upande wa msituni, na chini ya kiatu unasikia mlio mdogo wa kusikitisha. Kisha ikawa ndoo. Nilikuwa nimechuja asali, nikaweka ndoo kando ya kigoda chake, upande wa kushoto, akainuka akaipiga teke. Asali ikatambaa ukumbi mzima, na sisimizi wa Makanyagio yote wakapata sherehe. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Baba naye akawaka: nani ameweka ndoo njiani? Haikuwa njiani. Ilikuwa pale pale inapowekwa siku zote.

Mama ndiye aliyeuanzisha ule msemo. Alisema, "Baba yenu nyuki wa mtini anamwona, kuku wa mlangoni hamwoni." Tukacheka, na msemo ukakaa nyumbani kwetu kama kiti. Sikugundua wakati huo kwamba mama alikuwa akiusema bila kucheka.

Halafu yakaja mambo ya salamu, na hayo hayakuchekesha. Mpanda unaweza kumkosea mtu mengi akakusamehe, lakini usimpite bila salamu. Kulikuwa na fundi baiskeli pale Majengo, rika la baba, walitahiriwa pamoja. Kila baba alipopita, fundi alikuwa amekaa upande wa kushoto wa njia, ameinama kwenye gurudumu, anainua mkono kumpungia. Baba anapita. Siku ya pili anapita. Fundi akawa analeta habari hizo mpaka kwenye meza yangu ya asali. "Mwambie baba yako asali imempanda kichwani. Siku hizi sisi si watu."

Nikamjibu fundi yanayomfaa, maana baba yangu hatukanwi mbele yangu. Kisha nikaenda nyumbani kumtukana baba mwenyewe, kwa adabu kadiri nilivyoweza.

"Baba, fundi baiskeli amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Mbona anakupungia mkono unampita kama mti?"

"Mkono upi? Mimi sikuona mkono wa mtu." Akanitazama usoni, macho makali, safi, meupe kabisa. "Nyie watoto wa siku hizi mnataka kunizeesha. Nenda kauulize mti kama mimi sioni."

Na kweli, msimu ule mti ulisema anaona. Aliyeshindwa alikuwa baba mdogo. Alisimama chini ya mtundu, akakunja uso, akasogea mbele, akasogea nyuma, mwisho akasema, "Naona giza giza tu pale juu." Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alirudi mjini kimya, akisukuma baiskeli aliyoweza kuipanda. Alikuwa na umri mdogo kuliko baba na ameshawekwa kwenye moshi.

Wiki hiyohiyo likapita gari sokoni na kipaza sauti. Daktari wa macho amekuja na treni kutoka Tabora, atakuwepo hospitali siku chache. Waje wenye matatizo ya macho. Waje waliofika miaka arobaini. Waje wenye ndugu aliyepofuka, hata kama macho yao hayawasumbui. Hapo pa "hata kama hayawasumbui" soko zima likacheka. Mama mmoja muuza dagaa akauliza nani anapeleka sufuria zima kwa fundi.

Baba akaamua kumpeleka mdogo wake. Alivaa shati lake la Jumapili na kofia, akatembea mbele kama mzazi anayempeleka mtoto kuandikishwa shule. Mimi nikafuata, kwa sababu nilijua wale wawili wakiachwa peke yao kwenye foleni watapitwa na kila mtu huku wakibishana juu ya mizinga.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alimpima baba mdogo kwa ile karatasi ya ukutani yenye alama zilizoelekea huku na huku, akamwangaza machoni, akamlaza kitandani na kumpima kwa kifaa kidogo cha chuma, kisha akasema tatizo lake ni la miwani tu. Akachambua miwani kwenye boksi, akamvisha jozi moja. Baba mdogo akatoka barazani, akatazama huku, akatazama kule. "Kumbe ule mlima una miti!" alisema. Watu wa kwenye benchi walimcheka, naye akacheka pamoja nao, maneno yake yote yakamrudia siku hiyo.

Tulikuwa tunaaga. Daktari akauliza, kama mtu anayefunga duka, "Kwenye ukoo wenu kuna aliyepofuka?"

"Baba yetu," alisema baba mdogo. "Nyuki walimla macho."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamgeukia baba. "Na wewe mzee wangu ni mtoto wa baba huyohuyo?"

"Ndiyo mkubwa wake mimi."

"Kaa hapa."

"Mimi ni msindikizaji."

"Msindikizaji naye ana macho. Kaa."

Baba akakaa, akavua kofia, akanitupia jicho la kunionyesha namna mambo yanavyofanywa. Karatasi ya ukutani aliimaliza yote mpaka mstari wa chini kabisa, upesi, kama mtu anayehesabu mizinga yake. Daktari akasema, "Mazuri sana." Baba akaanza kuinuka. Akaambiwa bado.

Daktari akavuta kiti, wakakaa uso kwa uso, magoti karibu yagusane. Akamwambia afunike jicho la kulia kwa kiganja, la kushoto alikazie kwenye pua yake daktari, asilihamishe. "Ukiona kidole changu kinacheza, sema." Akanyoosha mkono wake pembeni, akaanza kuchezesha kidole.

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Nilikiona kidole. Baba mdogo na miwani yake mipya alikiona. Daktari akakisogeza karibu zaidi, kinacheza. Akakisogeza tena. Baba alikuwa ametulia, amekaza jicho kwenye pua ya daktari kama alivyoambiwa, mtiifu kabisa. Kidole kilifika mbele ya shavu lake, karibu hata ningeweza kusema kinampepea. Ndipo baba akasema kwa upole, "Anza basi, daktari. Tusiwacheleweshe wenzetu."

Hakuna aliyecheka. Mbele yangu vikapita vifaranga vyote, na ndoo ya asali, na mkono wa fundi baiskeli. Nikauona na mkono mwingine, mzito, wenye harufu ya nta, ukija kunishika kichwa.

Wakamlaza baba kitandani, wakamtia matone ya kutia ganzi, kisha daktari akaweka kile kifaa cha chuma juu ya jicho lenyewe, mshale wake ukasogea. Akapima la pili. Akazima taa, akachungulia ndani ya macho kwa kurunzi yake muda mrefu. Alipowasha taa alimwambia baba mambo yote bila kumzungusha, na ninamshukuru kwa hilo mpaka leo.

Alisema ugonjwa unaitwa glakoma, na wengine huuita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji, yanaingia na kutoka. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanabana, na yanaponda ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hauumi. Hauwashi. Jicho halibadiliki rangi. Unaanza kula pembeni na kuja katikati polepole, na katikati ndiko kunakoliwa mwisho. "Ndiyo maana mbele unaona vizuri, mzee wangu. Umebakiwa na katikati. Kushoto kumeliwa sana, kulia kumeliwa kidogo. Kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda."

Baba alisimama. Nimesema mimi ni mtu wa hasira za karibu, sasa mjue nilizitoa wapi. Alitoka barazani, daktari nyuma yake, akanyoosha kidole kwenye mwembe wa mbali kule ng'ambo ya uwanja wa hospitali. "Pale tawi la juu kuna ndege. Mweusi, kifua cheupe. Ana kitu mdomoni. Nyie mnamwona?"

Sisi hatukumwona. Baba mdogo alirekebisha miwani, akathibitisha kwamba kuna kitu cheusi.

"Nakuamini," alisema daktari. "Sasa niambie, nani amesimama kushoto kwako?"

Baba akageuza kichwa. Alikuwa ni mimi, bega langu karibu liguse lake. Alivaa kofia yake akaenda zake, akatuacha pale.

Nyumbani alikataa chakula. Alisema hospitali wanatafuta watu wa kufanyia majaribio, na kwamba macho yaliyofaulu kwenye mti wa babu hayawezi kuwa mabovu. Nilianza kubishana naye, na nilikuwa na hoja nzuri, lakini mama alininyamazisha kwa mkono. Akaketi mbele yake, pale katikati anapoona.

"Mti ule unapima mbali tu," mama alisema. "Mimi nimekupima karibu. Tangu mwaka juzi ndiye ninayekusogezea kigoda. Vyombo vyote nimeviondoa kushoto kwako. Ukitoka mlangoni natangulia kufukuza kuku."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema kila siku, mkacheka. Mimi niliolewa nikamkuta mkwe wangu anaona nyuki kuliko watu wote. Nikamkuta pia anakanyaga kuku. Nikampikia mpaka siku ambayo sikuhitaji tena kumsogezea kitu, kwa sababu alikuwa haendi popote. Alianza hivihivi, baba watoto. Hivihivi kabisa."

Sijawahi kumwona baba akitazama kitu kwa muda mrefu kama alivyomtazama mama siku ile. Mwisho alisema, "Niletee ugali." Nikajua tumeshinda, maana baba akikubali jambo hasemi amekubali, anakula.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye benchi la hospitali. Daktari akampa matone ya kutia kila siku, akamwandikia safari ya Tabora kwa upasuaji wa jicho la kushoto. Alimweleza kwamba watafungua kijitundu ili maji yapate pa kutokea. Baba akafikiri, uso wake ukafunguka. "Yaani jicho langu ni chupa ya wanzuki iliyozibwa?" Daktari hakuwa mtu wa huku, hakuijua pombe yetu ya asali. Ikabidi baba amfafanulie jinsi wanzuki inavyochachuka, na ukiiziba sana inarusha kizibo mpaka darini au inapasua chupa. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ndiyo, ni hivyo hasa, na kuanzia leo atawaeleza wagonjwa wote hivyo.

Tulisafiri na treni yetu ya Mpanda, ile inayosimama kila mahali kana kwamba inaaga. Baba alikaa dirishani njia nzima, akigeuza kichwa huku na huku. Nilidhani ana woga. Kumbe alikuwa ameanza kujifunza. Daktari alikuwa amemwambia kwamba asichokiona pembeni akifuate kwa kugeuza shingo, naye akaanza mazoezi palepale, anafagia kwa macho yake msitu mzima kutoka Mpanda mpaka Kaliua, na kila akiona mzinga mtini anautaja kwa sauti. Abiria wa behewa letu waliishia kuucheza mchezo huo pamoja naye, na hakuna aliyemshinda.

Upasuaji ulikwenda salama. Bandeji ilipotolewa hakuona zaidi ya alivyokuwa anaona, kwa sababu kilicholiwa hakirudi, tulishaambiwa. Lakini walipompima presha ilikuwa imeshuka, na daktari wa kule akasema maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia hospitali: "Ugonjwa umesimama." Nilimkumbatia muuguzi ambaye hakuhusika na lolote.

Tuliporudi, baba aliteremka stesheni akaenda moja kwa moja Majengo kwa fundi baiskeli, mzigo bado begani. Akasimama mbele yake, akageuza kichwa mpaka akamweka katikati. Akamweleza yote. Akamaliza, "Kuanzia leo ukiniona usinipungie mkono. Nipigie kengele." Fundi alishika kichwa chake kwa aibu na huruma, kisha akakamata kengele ya baiskeli iliyokuwa mbele yake akaipiga. Kijana mmoja wa cherehani wa jirani yake, mwenye baiskeli, naye akapiga. Baada ya muda ikawa ndiyo desturi ya njia ile. Baba akipita Majengo, kengele zilimpokea upande wa kushoto kwa mfululizo kama anapita waziri, naye alikuwa anageuka na kuitikia kila moja kwa kofia. Yule aliyeambiwa ana maringo sasa alikuwa anachelewa kufika nyumbani kwa sababu ya salamu.

Msimu uliofuata wanaume walikusanyika tena chini ya mtundu. Baba akatazama juu, akaona nyuki wanne, akawaeleza tabia zao. Wakamnyooshea kamba. Hakuipokea. "Macho ya kupandia miti lazima yawe na pembeni," alisema. "Mimi naenda kwenye moshi." Alilisema kwa kichwa kilichoinuka, na kamba akamvisha begani mdogo wake mwenye miwani. Kisha akawapanga wote mstari, akakaa mbele ya kila mmoja goti kwa goti, akawachezeshea vidole kama daktari. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe vidole vyake havioni vikiwa pembeni, kwa hiyo ilibidi mtu asimame nyuma yake kumwambia kama anavichezesha sawasawa. Na walipofaulu wote hakuwaachia. Aliwaambia vidole hukamata ugonjwa uliokwisha kula, wanaotakiwa kuukamata kabla haujala ni wa hospitali na kile chuma chao. Daktari akija na treni, ukoo mzima utakwenda, kila mwaka, mwenye kuumwa na asiyeumwa. Asiyekwenda hatakanyaga kambi yake.

Walikwenda. Asali ni asali.

Na mimi nilipelekwa. Nilimwambia baba kwamba mimi sipandi miti, ni msichana, natunga uzi kwenye sindano bila kukosea. Akasema, "Nami niliona ndege." Nikalala kwenye kitanda kilekile, nikatiwa matone yaleyale, na kile chuma kikawekwa juu ya jicho langu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumcheka baba njiani.

Daktari alipima mara ya pili. Akachungulia ndani. Kisha akaniambia presha yangu imepanda, macho yote mawili, lakini mshipa bado mzima. "Hujapoteza kitu. Hata kidogo. Utatia matone, utapimwa kila mwaka, na hiki alichopoteza baba yako wewe hutakipoteza."

Nilitoka barazani nikilia. Sikujua kama nalia kwa hofu au kwa nafuu, na sikupata nafasi ya kuchunguza, kwa sababu baba alisikia na akaanza kuruka. Nasema kuruka. Mtu mzima mwenye kofia, anaruka kwenye baraza la hospitali. "Amekutwa nao! Amekutwa nao mapema!" Watu wa benchini wakadhani amechanganyikiwa. Bibi mmoja mwenye heshima zake akamwambia, "Pole, mwanangu." Baba akamgeukia, akamweka katikati ya macho yake.

"Usinipe pole, mama. Nipe hongera. Mimi nilikutwa nao umeshakula. Baba yangu alikutwa umemaliza. Huyu amekutwa haujaanza!"

Bibi akampa hongera. Na benchi zima likatoa hongera, pamoja na yule muuza dagaa wa sokoni aliyecheka mwaka uliopita, ambaye nilimkuta kwenye foleni na kadi ya hospitali mkononi. Nilimuuliza kama sufuria lake limetoboka. Alinisonya, lakini hakutoka kwenye foleni.

Matone yale nayatia mpaka leo. Madaktari wamebadilika, vifaa vimebadilika, na Mpanda imekuwa makao makuu ya mkoa, lakini kila mwaka nakwenda na kila mwaka naambiwa mshipa ni mzima. Mtoto akinyemelea kopo la sukari nyuma ya bega langu, namwona.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Baba alikuja kumwona na kofia yake, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mama akamwekea mtoto mapajani. Mimi nilikuwa kitandani, na nilipouona mkono wa baba unainuka nilijiinua kwa kiwiko. Niliujua mkono ule ulikotoka. Nilijua unapokwenda.

Ulikwenda kwenye kanga. Akaifunua kidogo, akamgeuzia mtoto kwenye mwanga wa mlangoni, akainama, akaanza kuuzungusha uso wake mwenyewe polepole, huku na huku, kama alivyofanya dirishani kwenye treni. Hakuacha sehemu.

"Hapa nyuma ya sikio ana alama," alisema. "Ndogo kama punje ya ufuta. Mmeiona?"

Hatukuwa tumeiona. Mimi niliyemzaa sikuwa nimeiona, wala mama aliyemwogesha, wala mkunga. Tulikusanyika mlangoni tukatazama, na kweli ilikuwepo.

Baba akamfunika tena. "Atarefuka huyu," alisema. "Nitaona."